Nimeacha sukari kwenye chai, lakini sukari yangu haishuki

Mpendwa Mshauri,

Mwangaluka. Mimi ni mama wa miaka 58, mjane, mkazi wa Isevya hapa Tabora mjini, na ninaishi na mwanangu wa kiume, mkewe na wajukuu watatu. Kazi yangu ni kuuza asali sokoni. Naletewa kutoka Sikonge ikiwa kwenye madumu, naichuja, kisha naimimina kwenye chupa ndogo ndogo ambazo watu wa mjini na wasafiri wa treni wanazimudu.

Mwaka jana, baada ya miezi kadhaa ya kiu isiyokatika na kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, nilipimwa nikaambiwa nina kisukari, kile cha ukubwani. Nilipewa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamaidi. Maelezo ya chakula yalikuwa mafupi kuliko muda niliokaa kwenye benchi: acha sukari, acha mafuta, punguza chumvi, kula dona. Nyuma yangu watu walikuwa wengi, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Tangu siku hiyo sijatia sukari kwenye chai hata mara moja. Asubuhi natumia asali, vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe, kwa kuwa ni kitu cha asili kilichotoka porini, na wateja wangu wengi wenye sukari huinunua kwa sababu hiyo hiyo. Ugali wangu ni wa dona au wa ulezi, na kwa kuwa ndio niliouruhusiwa, naushiba. Nikirudi sokoni jioni natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kidogo tu kusubiri chakula cha usiku. Soda siigusi. Pamoja na yote hayo, nikipima asubuhi kabla ya kula napata 9, mara 10, siku nyingine 12.

Mkamwana wangu ni mtu mwema, na hili nalisema ili usimfikirie vibaya. Alinunua sufuria ndogo kwa ajili yangu peke yangu, na humo hupika mboga isiyo na chumvi wala tone la mafuta. Watoto huiita sufuria ya bibi mgonjwa. Wao wanakula mkekani pamoja, mimi napakuliwa pembeni kwenye kibao changu, na kusema kweli siku nyingi chakula kile hakipiti kooni. Nimekaa nyumba hii miaka 30, leo najiona mgeni.

Sasa nieleze kilichonifanya nikuandikie. Wiki tatu zilizopita nilikuwa na mzigo mkubwa wa asali, nikakaa kuimimina kwenye chupa tangu asubuhi hadi alasiri bila kula cha mchana. Saa tisa nilijihisi kuchoka, nikatoa mashine yangu ya kupimia sukari pale pale kwenye meza, nikajidunga kidole, ikasoma 18.6. Nilitetemeka kwa hofu. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula cha usiku, nikasema leo sukari imepanda sana, na nikameza vidonge mara mbili ya kile nilichoandikiwa ili ishuke haraka.

Saa sita usiku niliamka nimelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, na maneno hayatoki sawasawa. Mjukuu wangu wa miaka 11 alikuja na kikombe cha soda iliyobaki mchana, akaniambia, “Bibi kunywa.” Mama yake alikipokonya akakimwaga chini huku akimgombeza kwamba anataka kuniua. Wakanipakia kwenye bajaji. Tulipofika kituo cha afya, sukari yangu ilikuwa 2.3, nikatundikiwa dripu ya sukari mpaka asubuhi. Tangu hapo mwanangu anasema mashine imeharibika, mkamwana anasema ni vidonge vibaya, na kijana mmoja sokoni ananishawishi nitupe vyote ninunue unga wake wa mizizi unaoponya kisukari kabisa kwa siku 40.

Naomba unieleze: ilikuwaje sukari ipande hivyo na kushuka hivyo siku moja? Asali ninayoiuza, ninaruhusiwa au siruhusiwi? Na je, hivi ndivyo nitakavyokula, peke yangu na sufuria yangu, mpaka siku zangu ziishe?

Muuza asali, Isevya


MSHAURI ANAJIBU

Mwangaluka, Mama, na pole kwa usiku ule. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kwenye sentensi moja ambayo wewe umeipita haraka: kwamba ulimimina asali tangu asubuhi, kisha ukajipima pale pale kwenye meza. Hukutaja maji wala sabuni. Mashine ile hupima sukari iliyomo katika tone la damu, na tone lenyewe ni dogo mno, hivi kwamba asali kidogo iliyokauka kwenye ncha ya kidole, hata kama huioni wala huisikii ikinata, inatosha kuchanganyika na damu na kuipandisha namba juu sana. Anayemenya embe akajipima bila kunawa hupata mkasa huo huo. Siwezi kuapa kwamba sukari yako halisi siku hiyo haikuwa juu, lakini mtu aliyekaa bila kula tangu asubuhi, tena akiwa ameshameza vidonge vyake, akasoma 18.6 huku mikono yake imeshinda ndani ya asali, mimi ningemshuku kidole chake kabla ya kuishuku mashine.

Kwa hiyo, kuanzia leo, nawa kwa maji na sabuni, kausha vidole vizuri, ndipo ujidunge. Ukipata namba inayokushtua, nawa tena upime kidole kingine kabla ya kufanya jambo lolote. Kijiti cha pili cha kupimia kina gharama, najua, lakini ni nafuu kuliko bajaji ya usiku wa manane na dripu.

Kilichofuata ndicho kilichokuwa hatari, na hapa naomba unisamehe nikisema bila kuzunguka. Glibenklamaidi huisukuma kongosho itoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Ukiimeza maradufu kisha ukalala na njaa, insulini inaendelea kuiondoa sukari kwenye damu usiku kucha na hakuna kinachoingia kuifidia. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho. Glibenklamaidi inaweza, na kwa watu waliovuka umri wa kati au ambao figo zao zimechoka huweza kudumu mwilini kwa saa nyingi, ndiyo maana walikuwa sahihi kukuweka mpaka asubuhi badala ya kukurudisha mara tu ulipozinduka. Usiongeze dozi kwa sababu ya namba, na usiiache kwa sababu ya hofu. Kwa daktari wako, hata hivyo, unapaswa kwenda wiki hii, si mwezi ujao, umweleze neno kwa neno kilichotokea, kwa kuwa mtu aliyewahi kushuka hadi 2.3 anahitaji dawa zake zitazamwe upya na figo zake zipimwe. Huenda akapunguza kidonge hicho au akakibadilisha. Hilo ni lake kuamua, si langu wala si la mwanao.

Mjukuu wako alikuwa sahihi. Naomba umwambie hivyo mbele ya mama yake, kwa upole, maana mama naye alifanya lile ambalo kila mmoja alimfundisha: kwamba kwa mgonjwa wa kisukari sukari ni sumu. Hakuna aliyemwambia kwamba upo upande wa pili. Sukari iliyoshuka chini ya 4 (namba hizi zote ni milimoli kwa lita) huua haraka kuliko iliyopanda, na dalili zake ni zile zile ulizozieleza: jasho jingi, kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kukorogeka, wakati mwingine hasira zisizo na sababu, na mwisho wake ni kupoteza fahamu. Saa hiyo anayeumwa anahitaji sukari inayoingia upesi: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Subirini dakika 15, pimeni tena, na kama bado iko chini ya 4, rudieni. Ikishapanda, mgonjwa ale kitu cha kukaa tumboni, kiazi na maharage kwa mfano, isirudi kushuka. Na kwa anayetumia kidonge kama chako, mwendo wa kituo cha afya uko pale pale hata kama amepata nafuu. Ugali au karanga havifai kwa dakika zile za kwanza kwa sababu vinachelewa. Na akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Sasa tuje kwenye asali, na hapa najua nagusa mkate wako. Nimezaliwa mkoa huu, najua asali ya miombo ilivyo, na sitaki mtu aseme nimeivunjia heshima. Lakini nyuki hafanyi kazi ya kuiondoa sukari ya maua. Anaikusanya, anaigawanya kuwa glukosi na fruktosi, na kuipunguza maji mpaka inakuwa nzito. Karibu sehemu nne kati ya tano za asali ni sukari tupu. Kijiko kimoja kikubwa kina uzito wa gramu 21 hivi, na ndani yake mna takriban gramu 17 za sukari, ilhali kijiko cha chai cha sukari, kisawazishwe, ni gramu 4. Piga hesabu mwenyewe, Mama, maana wewe ni mfanyabiashara: vijiko vyako viwili vikubwa vya asubuhi ni sawa na vijiko vinane vya sukari kwenye kikombe kimoja. Hata kabla hujaumwa, sidhani kama ulikuwa unatia vinane.

Iko na ile ya sokoni ambayo hukuitaja, ila nimewaona wauza asali wa kutosha kuijua: kila dumu jipya linaonjwa, na kila mteja anayesitasita anaonyeshwa kwa mfano kwamba asali haijachanganywa. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa upande wako humaliza pia kazi yote uliyoifanya jikoni. Weka vijiti visafi mezani, mteja aonje mwenyewe, wewe msifie kwa mdomo mtupu. Na mteja mwenye kisukari akikuuliza, mwambie ukweli huu huu. Huenda ukapoteza chupa mbili kwa wiki, lakini wale wale watakurudia kununulia wageni na watoto wao, kwa kuwa wamejua kwamba huwadanganyi.

Kwamba chai isiyo na kitu ni chungu, ni kweli kwa wiki ya kwanza na ya pili. Tia tangawizi, mdalasini au mchaichai, si kwa sababu ni dawa ya kisukari bali kwa sababu ulimi unahitaji kushughulishwa na kitu. Ukipenda kupunguza taratibu, toka vijiko viwili kuja kimoja, kisha nusu, kisha uache, sina ugomvi na wewe.

Lakini asali peke yake haielezi 12 za asubuhi. Nadhani jambo kubwa zaidi liko kwenye yale maneno yako “ndio niliouruhusiwa, naushiba”. Neno kuruhusiwa limewaponza watu wengi. Dona ni bora kuliko sembe, sina shaka, kwa kuwa kiini na pumba havijatupwa, hivyo ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi na inakaa tumboni muda mrefu. Ulezi nao ni mzuri. Ila ukichukua gramu 100 za unga wa mahindi, uwe umekobolewa au haujakobolewa, utakuta ndani yake takriban gramu 75 za wanga, na ulezi haupishani nao sana. Na wanga wote huo, ukishasagwa na tumbo, unaingia kwenye damu kama glukosi. Damu haiulizi ugali ulikuwa mweupe au wa kahawia. Inauliza ulikuwa kiasi gani. Tonge lililoruhusiwa likizidi linapandisha sukari kama lile lililokatazwa, na ndiyo maana nasema tuache kuorodhesha vyakula halali na haramu, tuanze kuitazama sahani.

Chukua sahani yako ya kawaida, si sinia. Nusu yake nzima ijae mboga za majani, na Tabora hatuna udhuru katika hili: matembele, mchicha, majani ya maboga, mlenda, kisamvu, na kiangazi mboga mbichi zikiadimika zipo nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na masika huja uyoga. Robo ya sahani iwe maharage, kunde, choroko, samaki, yai, au kipande cha kuku. Dagaa wanaoletwa na treni kutoka Kigoma ni chakula bora kabisa, waoshe tu vizuri kama wamekaushwa kwa chumvi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, au wali, au kiazi, na kwa ugali kipimo chake ni ngumi yako mwenyewe iliyofumbwa. Ukiutazama mara ya kwanza utaona mdogo. Anza kula mboga na maharage, ndipo uje kwenye ugali, na utashangaa kwamba tumbo halidai kama macho yalivyodai. Tena usiile robo ya ugali ukaongeza na kiazi pembeni na kipande cha mhogo kwa sababu “ni kidogo tu”. Vyote hivyo vinagombania robo moja.

Matobolwa nayo nimeyakuta kwenye barua yako yamekaa kimya kimya jioni. Kiazi kitamu kibichi zaidi ya robo tatu yake ni maji. Tunakichemsha, tunakikata, tunakianika juani, maji yanakwenda zake, sukari inabaki. Kwa hiyo kiganja kimoja cha matobolwa, ambacho mkononi ni chepesi na mdomoni kinapita kama si chakula, ni kiazi kizima au zaidi kilichofinyangwa kikawa kidogo. Na hakuna mtu niliyemwona akatafuna kipande kimoja akasimama. Jioni ukiwa na njaa, kula karanga za kuchemsha au za kukaanga bila sukari, kiganja kimoja, wala usihesabu cha pili. Kama hamu ya kiazi imekushika, kula cha mwaka huu ambacho hakijakaushwa, kilichochemshwa na maganda yake, ukubwa wa ngumi, asubuhi pamoja na yai, mahali pa uji. Uji, hata wa ulezi, ni laini na unapita haraka, ndiyo maana wengi hupanda sukari kwa uji kuliko kwa kiazi. Maembe yakianza, kula nusu embe baada ya chakula, na ulitafune; juisi yake, ambayo ni maembe matatu kwenye glasi moja, iachie wajukuu, tena nao kwa kiasi.

Nimeiacha sufuria mwishoni kwa makusudi, ingawa nadhani ndiyo iliyokuumiza kuliko vyote. Irudishe kabatini. Hakuna chakula cha wenye kisukari na chakula cha wazima. Kipo chakula kizuri ambacho nyumba nzima inapaswa kukila. Mafuta hayakukatazwa, yamepunguzwa: kijiko kimoja kikubwa au viwili kwenye sufuria ya familia kinatosha kuipa mboga ladha. Chumvi vivyo hivyo. Shirika la afya duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima yeyote, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari ndani ya dagaa na vyakula vya dukani. Mboga inayoungwa kwa kitunguu, nyanya na karanga kidogo haihitaji chumvi ya kutisha. Na kuna sababu ambayo mwanao anapaswa kuisikia kwa masikio yake: mtoto wa mzazi mwenye kisukari cha aina yako yuko kwenye hatari zaidi ya kukipata. Yeye na mkewe wapimwe, na sahani ninayokushauri wewe aipakue na yeye. Kwa hiyo ukirudi mkekani hutakuwa umeomba kuhurumiwa. Mkamwana wako, ambaye amebeba kazi ya kupika mara mbili kila siku bila kulalamika, nadhani ndiye atakayefurahi wa kwanza.

Kama mkekani mnakula sinia moja, jambo la kawaida kwetu, kupima inakuwa ngumu, maana mkono unakwenda na mazungumzo. Jipakulie ugali wako kwenye sahani kwanza, mboga mchovye pamoja.

Kuhusu kupima: vijiti vya mashine ni ghali, na kupima kila asubuhi namba ile ile unayoijua hakukufundishi kitu kipya. Uliza kituoni ni mara ngapi unapaswa kupima kwa dawa zako, halafu vile ulivyo navyo vitumie kwa jozi. Chagua mlo mmoja kwa wiki, tuseme ugali na maharage wa mchana. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza, andika namba zote mbili pamoja na ulichokula na kiasi chake. Kwa watu wazima wengi lengo la kabla ya kula ni kati ya 4 na 7, na saa mbili baadaye isifike 10, ingawa daktari anaweza kukuwekea lengo pana zaidi baada ya tukio la juzi. Wiki inayofuata pima wali, kisha kiazi. Baada ya miezi miwili utakuwa na daftari linalojua mwili wako kuliko mimi. Peleka daftari hilo kliniki, na uulize kama wanaweza kukufanyia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha sukari yako ilivyokuwa kwa wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Hicho hakidanganywi na kidole chenye asali.

Kazi yako ni ya kukaa. Ukimaliza chakula cha mchana, mwombe jirani akuangalizie meza uzunguke soko kwa dakika 15 au 20, kwa mwendo wa mtu anayewahi kitu, kwani misuli inayotembea huichukua sukari moja kwa moja kutoka kwenye damu. Siku ambayo umetembea sana au umebeba madumu, usiruke mlo. Usiruke mlo siku nyingine yoyote, vilevile, madhali unatumia kidonge hicho.

Miguu itazame kila usiku, nyayo na katikati ya vidole, mjukuu akusaidie kwa tochi. Usitembee peku hata uani, na kidonda kisichouma usikidharau, kwa kuwa kutouma kwenyewe ni dalili. Macho yapimwe kila mwaka hata kama unaona vizuri. Kuhusu kijana wa unga wa mizizi sitapoteza wino mwingi: kisukari cha aina yako kinadhibitiwa, wapo hata wanaopungua uzito sana wakafikia hatua ya kupunguziwa dawa chini ya uangalizi wa daktari, lakini hakuna unga wa siku 40, na anayekuambia utupe vidonge hatakuwepo saa sita usiku.

Kwa chupa zako, toa moja ndogo, ifute vizuri, iandike jina lako na uifunge pamoja na kijiko kikubwa. Iweke karibu na kitanda, mahali ambapo mtu anaweza kuifikia gizani, na nyingine mkobani unaokwenda nao sokoni. Hiyo ni ya saa ile sukari inaposhuka, haiuzwi wala haionjwi. Mwonyeshe mkamwana, kisha mwonyeshe yule mjukuu wa miaka 11, na umwache ajaribu kufungua kifuniko mwenyewe, maana asali ikikauka kwenye uzi wa kifuniko hukaza.